Kamba ya bendera

Kamba ya bendera ya shule yetu ilikatika Jumatatu moja asubuhi, Wimbo wa Taifa ukiwa katikati. Bendera ikaporomoka, viranja wawili wakaidaka kabla haijagusa chini, na watoto wakaimba mpaka mwisho. Baada ya paredi mwalimu mkuu akanipa pesa, nikawatuma wawili dukani. Wakarudi na kamba ya manila, ya bluu, inang'aa.

Nilikuwa mwalimu wa Darasa la Nne, hapa Tanga mjini. Kipindi cha kwanza kilikuwa changu, na kamba zote mbili, mpya na ile iliyokatika, zilikuwa mezani mbele ya darasa. Nikainua ile mpya nikauliza, bila kupanga somo lolote, imetoka wapi.

"Dukani!"

"Na kabla ya hapo?"

"Dar es Salaam."

"Na kabla ya hapo?"

Wakatazamana. Mmoja akasema China, wenzake wakamkubalia. Nikauliza tena kabla ya hapo, darasa likanyamaza. Nikaiweka ile ya bluu, nikainua kuukuu, ya rangi ya mchanga, imechanua singa pale ilipokatikia. Hii je? Dukani. Na kabla ya hapo? Dar es Salaam.

Kilichoniuma ni kwamba tuko Tanga. Ukitoka mjini kwa barabara ya Muheza unaukuta mkonge umepangwa mistari na mistari mpaka macho yachoke. Watoto hao wamepita hapo mara nyingi wakienda kwa ndugu zao Korogwe na Lushoto. Tena wiki mbili nyuma walikuwa wameniandikia kwenye jaribio mazao ya biashara ya Tanzania: pamba, kahawa, chai, mkonge, korosho, tumbaku. Wengi walipata yote. Mkonge waliukariri, kamba waliishika kila siku, na hakuna aliyewahi kuwakutanishia viwili hivyo. Mwalimu wao nilikuwa mimi.

Mwenyewe nililelewa vingine. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mpemba aliyeolewa kijiji cha pwani kaskazini ya Tanga, na kazi yake baada ya shamba ilikuwa kamba za usumba. Nikiwa na miaka saba au minane tulikuwa tukibeba makumbi ya nazi mpaka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, tunachimba shimo kwenye tope, tunayapanga, tunayafukia na kuyakandamiza kwa mawe yasichukuliwe na maji. Kisha tunakwenda zetu. Yanakaa humo miezi mitatu, wakati mwingine sita, bahari ikijaa na kupwa juu yake. Siku ya kuyafukua, harufu yake ilitutangulia nyumbani, na kwenye vidole ilikaa siku mbili, sabuni haiiwezi. Bibi aliyaponda kwa kipande cha mti juu ya jiwe mpaka nyama iliyooza ikatoka zikabaki nyuzi, akazianika, halafu akazisokota pajani.

Jioni moja nilikata kipande cha kamba yake nifungie mtoto wangu wa gunzi. Hakunipiga. Alinikalisha jamvini akanihesabia: makumbi mangapi, miezi mingapi, siku ngapi za kuponda. "Umekata mwezi wangu mzima," akaniambia. Mpaka leo nikishika kamba yoyote huwa najiuliza ni mwezi wa nani.

Habari hiyo niliwasimulia watoto Jumatatu ile ile, na kengele ya kipindi ikapigwa hakuna aliyeinuka. Hapo nikajua pa kushika.

Mwanzo wangu lakini ulikuwa mbovu. Nilibandika karatasi za manila ukutani, nikamwambia kila mtoto achague kitu kimoja cha nyumbani akakiulizie kinatoka wapi. Watoto 47, vitu 47. Wiki iliyofuata ukuta ulijaa. Simu imetengenezwa kwa madini. Daftari limetengenezwa kwa miti. Sabuni imetengenezwa kwa mafuta. Majibu yenyewe yalikuwa sahihi, na yalikuwa ya kaka na dada zao wa sekondari. Nilipomuuliza mwenye daftari ni miti gani hiyo, akaniangalia kama nimemwonea. Nikamwambia habari za mipaini ya Sao Hill, kule Mufindi, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, akaitikia kwa heshima. Nikaona nimempa tu jina jingine la kukariri, refu kuliko la kwanza.

Nikabandua zote. Tukabakiza vitu vitatu ambavyo tungeweza kuvifuata kwa miguu yetu, au kwa nauli ya kujichangia: chumvi, chaki na kamba. Swali likawa moja tu, kabla ya hapo, na jibu halikuandikwa mpaka mtu ameliona au ameligusa. Ukinisikiliza kwa jambo moja tu, mzazi au mwalimu mwenzangu, liwe hilo la kupunguza. Mtoto aliyekifuata kitu kimoja mpaka mwisho atajifunza mwenyewe kuvifuata vingine.

Chumvi nilidhani ndiyo rahisi. Tulikwenda ufukweni, mbali na mifereji ya mji, tukachota maji ya bahari dumu la lita tano, tukayachuja kwa kitambaa, tukateleka kwenye mafiga nyuma ya jiko la shule. Ilikuwa saa nne. Saa tano kuni zikaisha, watoto wakachangisha nyingine. Saa saba maji yalikuwa bado yanatokota, yamefika robo ya sufuria, na waliokuwa wakigombea zamu ya kuchochea moto sasa walikuwa wanasukumana kuikwepa. Yalipokauka, tukakwangua kitu cha kijivu, chenye unyevunyevu. Tukakipeleka kupimwa kwenye mzani wa duka: gramu 160. Lita moja ya maji ya bahari hubeba kama gramu 35 za chumvi, kwa hiyo hatukukosea sana. Iliyopungua ilikuwa imeng'ang'ania sufuria.

Binti mmoja, mtoto wa mama ntilie, akapiga hesabu ya kuni kwa kidole mchangani. "Mwalimu, tumepata hasara." Akawaonyesha wenzake: kuni zile zingenunua pakiti nzima za chumvi, zikabaki. Sikumjibu, nikawaachia swali waondoke nalo nyumbani, mbona basi chumvi ni rahisi hivi dukani?

Siku ya pili kijana mmoja akaja na jibu: jua halilipwi. Tukamwaga maji mengine ya bahari kwenye sinia, kina cha kidole, tukaliweka juani na chandarua juu yake. Baada ya siku tatu za jua kali, pembeni pakaanza kuota vijiwe vidogo vya pembe nne, vyeupe, vinavyometameta. Hapo ndipo nilipowapeleka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu, na hawakuhitaji maelezo yangu. Waliona maji ya bamvua yanavyoingizwa kwenye mabwawa, yanavyohamishwa kutoka bwawa moja kwenda jingine lenye kina kidogo zaidi, yakizidi kuwa makali, mpaka la mwisho ambako chumvi inajikusanya chini na watu wanaikokota kwa majembe ya mbao. Waliona pia miguu ya wale watu. Chumvi inakula ngozi, nyufa za visigino zinaingia kidole. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini hawavai viatu, na mzee mmoja akamwonyesha buti zake kando, zimepasuka zote mbili, chumvi imekula hata mpira.

Mzee huyo ndiye aliyetueleza kwa nini yetu ilikuwa chungu. Kila mtu aliyeilamba alikunja uso, nami nilidhani ni moshi. Kumbe bahari ina chumvi zaidi ya moja, na ile chungu ndiyo inayochelewa kuganda. Wenye mashamba huyamwaga maji ya mwisho kabla hayajakauka. Sisi tuliyakausha yote. Na kabla haijaingia kwenye pakiti huongezewa madini joto, yale yanayozuia uvimbe wa shingo. Kwa hiyo hata chumvi iliyo dukani si bahari tupu, kuna mtu ameongeza kitu kwa ajili ya shingo yako. Hilo waliliandika kwa wino mwekundu.

Chaki ilinifundisha mimi kuliko wao. Niliwaambia kwa kujiamini kwamba chaki inatokana na chokaa. Nilivyofundishwa ndivyo nilivyofundisha, na jiwe la chokaa Tanga tunalo la kutosha. Mapango ya Amboni yamo ndani ya mwamba huo, na saruji ya Pongwe hutokana na jiwe la namna hiyo hiyo. Nikawaonyesha na jaribio: ukidondoshea siki jiwe la chokaa, au ganda la yai, au simbi la ufukweni, linatoa vipovu. Wakaweka masikio karibu wakasikia linachachatika. Walifurahi sana.

Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele, mkimya, ambaye sikumbuki kama aliwahi kunyoosha mkono mwaka ule, akachukua kipande cha chaki akakidondoshea siki. Hakikutoa kitu. Akadondosha tena, akasubiri, akaniangalia. Darasa zima likanyamaza likinisubiri mimi.

Ningeweza kusema siki imeisha nguvu. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikamwambia, "Umeona kitu ambacho mimi sikijui. Nipe mpaka kesho." Jioni nikamfuata rafiki yangu anayefundisha kemia sekondari, naye akanieleza kwamba chaki nyingi za ubaoni siku hizi ni jasi, hiyo hiyo ambayo mafundi wa dari huiita jipsamu. Huchimbwa ardhini, kwetu hapa pa karibu ni Makanya, wilaya ya Same, ukielekea Moshi. Huchomwa ikatoka maji yake, ikasagwa, ikachanganywa na maji tena, ikamiminwa kwenye vibao vyenye matundu, ikaganda. Kule Maswa, mkoani Simiyu, wanazo mashine za kutengenezea chaki. Povu halitoki kwa sababu jasi haina ile hewa iliyofungwa ndani ya jiwe la chokaa.

Kesho yake nilimsimamisha yule binti aeleze yeye, na karatasi ya ukutani tukaikata neno "chokaa" kwa mstari mmoja, likaendelea kusomeka. Sikutaka lifutwe. Tangu siku hiyo walikuwa wanadondoshea siki kila kitu: vigae, majivu, vifungo vya shati, saruji ya ukuta wa choo. Na yule binti akaanza kunyoosha mkono.

Kamba tuliiacha mwisho. Nilianza na jani moja la mkonge nililopewa na jamaa wa Ngomeni, nikalipima dukani: gramu 620. Tukaliweka juu ya ubao, tukalikwangua kwa mgongo wa kisu kutoka shinani kwenda nchani. Inatoka rojo ya kijani yenye povu, halafu chini yake, kama nywele zilizokuwa zimejificha, zinaonekana singa nyeupe zimelala sambamba. Watoto waliguna kwa pamoja. Tulizisuuza, tukazianika, zilipokauka tukazipima: gramu 24. Yaani katika kila 100 tunapata kama 4, na zilizobaki ni maji na takataka.

Kosa langu hapo lilikuwa kubwa na nalisema ili asilirudie mwingine. Utomvu wa mkonge unawasha. Nilijua, lakini sikufikiri, na watoto zaidi ya kumi waliushika kwa mikono mitupu. Kufika saa nane walikuwa wanajikuna mpaka viwiko, mmoja na shingoni. Tuliwaosha kwa maji mengi, kufikia jioni ikatulia, lakini kesho yake asubuhi kabla ya paredi mama mmoja alikuwa ananisubiri mlangoni.

Hakuja na matusi. Angekuja nayo ingekuwa nafuu kwangu. Alinishika mkono akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Mwalimu, baba yangu amekata mkonge miaka thelathini. Mikono yake unaijua? Nimeuza vitumbua miaka minne mwanangu asijue kazi ile. Namleta shule, wewe unampa jani akwangue."

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba radhi kwa muwasho, nikamaanisha. Kwa lile jingine nilikaa nalo siku nyingi. Tunawaambia watoto wetu wasome ili wasije wakafanya kazi za mikono, halafu tunashangaa hawajui vitu vinatoka wapi. Kumbe kutokujua kwao ndiyo zawadi tuliyowanunulia kwa jasho. Yule mama hakuwa mjinga wala hakuwa na dharau kwa mkonge. Alikuwa anamlinda mtoto na kitu ambacho yeye alikijua kwa karibu kuliko mimi na karatasi zangu za ukutani.

Baada ya siku tatu nilikwenda nyumbani kwake nikamwomba jambo moja: baba yake aje darasani. Alikataa. Mzee mwenyewe, aliyekuwa amekaa kibarazani akitusikia, akasema nitakwenda.

Alikuja Ijumaa, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na binti yake nyuma yake, uso umekunjwa. "Shikamoo babu," darasa zima. "Marahaba wajukuu zangu." Akaketi. Nilikuwa nimeandaa maswali ubaoni, hakuyatazama. Alichukua ile kamba kuukuu ya bendera mezani, akaifumua ncha, akainusa.

Akasema yeye ni Muha wa Kasulu. Alitoka kwao kijana, miaka michache kabla ya Uhuru, baada ya watu wa kutafuta vibarua kupita kijijini. Alitembea mpaka Kigoma, akapanda treni ya Reli ya Kati, kisha malori, mpaka kambi ya mkonge ya huku Tanga. Waliitwa manamba. "Namba ulipewa ukifika. Mnyapara hakuita jina la baba yako." Akaeleza kipande, ile kadi yenye vyumba 30. Ukimaliza kazi ya siku, chumba kimoja kinatiwa alama. Usipoimaliza, umekwenda shambani bure. Mshahara ulisubiri vyumba vyote 30 vijae, hata vikichukua siku 40. Majani yalifungwa 30 kila furushi, mabegani mpaka kwenye reli ndogo ya shamba, kisha kwenye korona. Hiyo korona, mashine ya kukwangulia, ilisikika mbali usiku. Aliposema hivyo alifanya mlio wake kwa koo, na watoto wakashtuka.

Nilisaidia mahali pamoja tu. Niliwaambia mkonge haukuwa wetu. Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, nao asili yake ni Mexico. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Miaka 70 baadaye Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Babu akatikisa kichwa. "Tani sizijui," akasema, "lakini mkonge nao ni mgeni kama mimi. Tumekuja wote."

Mjukuu wake alikuwa dawati la tatu. Alikuwa amekodoa macho. Mtoto huyo alijiona Mtanga wa asili, lafudhi yake ya Tanga, michezo yake ya Tanga. Hakuwahi kuuliza kwa nini babu yake akiomba dua peke yake huchanganya maneno asiyoyajua. Akanyoosha mkono, akamwita babu yake kwa adabu kama si wake: "Babu, kwa hiyo sisi tupo Tanga kwa sababu ya kamba?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Ndiyo, akasema. Kwa sababu ya kamba.

Nikamtazama mama mtu aliyekaa nyuma. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Baadaye aliniambia habari ya kipande hakuwahi kuisikia. Mikono ya baba yake aliijua, na miguu, na kikohozi. Kadi hakuijua.

Kabla hajaondoka babu alikagua kamba tuliyokuwa tumejaribu kusokota wenyewe kwa singa zetu. Ilikuwa inafumuka kila tukiiachia, na nilidhani nyuzi ni fupi mno. Akaifungua yote. Akagawa singa mafungu matatu, kila moja akamwonyesha mtoto kulisokota kuelekea kulia mpaka likaze na kutaka kujikunja, halafu yeye akayaunganisha matatu kwa kuyazungusha kuelekea kushoto. Akaachia. Kamba ikatulia. Kila fungu lilitaka kufumukia upande wake, na kwa kutaka huko lilizidi kuwakaza wenzake. Watoto walijaribu mara nne, tano, sakafuni, wawili wawili, mpaka kengele ya kwenda nyumbani ilipopigwa. Wiki mbili baadaye, kwa singa za kilo kadhaa tulizopewa Ngomeni tulipokwenda kuona korona na nyuzi zilizotandazwa juani kama nywele za bibi harusi, walikuwa wamepata kamba ya kufika juu ya mlingoti na kurudi. Ilikuwa na manundu. Mwalimu mkuu aliivuta kwa nguvu zake zote akaridhika, tukapandishia bendera.

Ilidumu mpaka masika. Mkonge ukilowa na kukauka mara nyingi unaoza, na mvua za Tanga ni nyingi. Ikaanza kuwa nyeusi kwenye pini ya juu, nikaishusha mwenyewe kabla haijakatika, tukarudisha ile ya manila ya bluu iliyokuwa imelala kabatini. Niliwaambia watoto ukweli: kamba hii ni nyepesi, haiozi, ni rahisi, na kamba za namna hii ndizo zilizoyaua mashamba mengi ya mkonge. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi ilikuwa haifikishi tani 30,000. Mashamba yakarudi vichaka, makambi yakabaki na wazee kama babu yetu. Hakuna aliyeona raha kuipandisha siku hiyo.

Lakini karatasi yake ukutani ilikuwa bado tupu, na walikuwa wameshazoea, hawakuniacha. Kabla ya dukani, Dar. Kabla ya Dar, kiwanda. Jina lenyewe tulilifuata tukafika Ufilipino: Manila ni mji mkuu wake, na kamba za huko za zamani zilisokotwa kwa nyuzi za abaka, mmea ulio jamaa wa mgomba. Plastiki ilipokuja ikachukua kazi, na jina ikalichukua pia. Na plastiki kabla ya hapo? Mafuta, yanayochimbwa ardhini. Na mafuta kabla ya hapo?

Hilo nilikuwa nimelisoma usiku uliotangulia. Nikawaambia ni viumbe vidogo vidogo mno vya baharini, vilivyokufa zamani sana vikazama, tope likavifunika, tope jingine juu yake, vikakandamizwa humo mamilioni ya miaka.

Yule binti wa chaki akanyoosha mkono.

"Kama makumbi ya bibi yako, Mwalimu?"

Nikamwambia ndiyo. Ila vile viumbe vilikaa zaidi.